Tutazame Kabla ya Kurusha Jiwe



Jioni moja ya mwezi wa pili, baada ya mazoezi ya kwaya, bundi alitua juu ya paa la kanisa katika mojawapo ya vituo vyetu vya vijijini. Kifua chake kilikuwa cheupe, na uso wake ulikuwa na umbo la moyo. Aligeuza kichwa mara mbili, akatutazama. Haikupita dakika moja mawe yakaanza kuruka. Walioyarusha hawakuwa wahuni wa njiani. Walikuwa wanakwaya na watumishi wa altare, na kati yetu sisi watu wazima tuliokuwa pale hakuna aliyefungua kinywa kuwazuia. Jiwe la tatu au la nne lilimpata. Alipoanguka zilipigwa vigelegele, na mama mmoja akasema, “Mungu asifiwe, mchawi ameshindwa.” Asubuhi yake mzoga ulichomwa moto nyuma ya jiko.

Wiki iliyofuata tulipanda darini kurekebisha bati lililopasuliwa na mawe yale yale. Chini ya boriti tulikuta vidonge vikavu, vyeusi, vikubwa kama kidole gumba, vimerundikana. Kijana mmoja alikipasua kimoja kwa kijiti. Ndani yake mlikuwa na manyoya yaliyoshikamana na mifupa midogo, na fuvu la panya likiwa zima na meno yake. Tukapasua cha pili, cha tatu, cha kumi: panya, panya, panya. Ndivyo alivyo bundi: humeza windo lake zima, kisha hutapika manyoya na mifupa asiyoweza kuisaga tumboni. Na chini ya dari hiyo, katika chumba cha sakristia, ndipo jumuiya huweka magunia ya mpunga ya sadaka ya mavuno. Tulikuwa na mlinzi wa usiku asiyedai mshahara, tukamuua tukishangilia.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya aibu ile. Sisi tuliomkataa shetani katika ubatizo wetu, na ambao kila Pasaka tunarudia ahadi hiyo tukiwa na mishumaa mikononi, tulimwogopa ndege anayekula panya. Na jambo hili halikomei kwa ndege. Mkono uliozoea kumpiga mawe bundi kwa kuambiwa tu kwamba ni mchawi haukawii kuokota jiwe jingine siku watu watakaponong’ona juu ya bibi kizee anayeishi peke yake, au juu ya mtoto yatima anayeota ndoto mbaya. Ninyi mnaoishi vijijini mwajua kwamba hatutii chumvi.

Tulijiuliza: kwa nini hatukujua? Dari ilikuwa yetu, vidonge vilikuwa pale kwa miezi mingi, naye bundi alitoka kila jioni saa ile ile. Jibu tulilolipata linaumiza kidogo: hatukuwahi kutazama. Viumbe wanaotuzunguka tumezoea kukutana nao tukiwa na njaa, au na hofu, au tukiwa tumeambiwa bei yao. Kumtazama ndege kwa dakika tano bila kutaka kumla, kumuuza wala kumfukuza, hilo wengi wetu hatujalifanya tangu utoto.

Kwa hiyo kikundi chetu kilianza kutoka, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla jua halijachomoza. Hatuendi mbali. Anayetoka Kasongo kwa miguu hukutana upesi na mbuga: majani marefu, michikichi iliyosimama mmoja mmoja, na ukanda wa msitu unaofuata kila kijito. Nchi yetu ya kusini mwa Maniema ni mahali ambapo msitu mkubwa wa kaskazini na mbuga za kusini hukutana na kuingiliana kama vidole vya mikono miwili, na kwa sababu hiyo ndege wa pande zote mbili huonekana katika matembezi ya asubuhi moja. Tuna darubini moja ya zamani, ambayo jicho moja tu ndilo linaloona, na daftari la shule la kurasa 100. Tuna pia mwalimu, mzee aliyekuwa mwindaji hadi magoti yalipomkatalia. Siku ya kwanza tulifika kumi na saba, tukizungumza kwa sauti. Mzee alituacha hadi tukachoka wenyewe, kisha akasema, “Wanangu, mmewahi kuona mwindaji anayekwenda porini na kwaya? Kaeni chini. Ndege watarudi wenyewe.”

Tukakaa. Baada ya robo saa hivi walirudi.

Tulimwona tai mweupe mwenye mabawa yenye weusi na ngozi nyekundu kuzunguka macho, ametua juu ya mchikichi. Kila mtu alingoja aone amekamata kuku wa nani. Alikuwa akila mawese: alichomoa chikichi moja moja, akaishika kwa ukucha, akaimenya kwa mdomo. Ni tai kweli, wa ukoo wa wale wanaokula mizoga, lakini chakula chake kikubwa ni tunda la mchikichi. Ni mara ngapi amepigwa kwa kosa la kuku lisilo lake? Tulimwona ndege mdogo mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili wake wote, akirukaruka hewani mbele ya jike asiyemjali. Mzee alituambia kwamba jike huyo hajengi kiota. Hutaga katika kiota cha ndege wengine wadogo na kuwaachia kazi ya kulea. Wasichana wa kikundi walicheka sana, na walikuwa na majina ya kutaja. Tuliwaomba wasiyaandike kwenye daftari.

Tuliwaona mbayuwayu wamejipanga juu ya waya. Hao watazameni vizuri kati ya mwezi wa kumi na wa tatu, kwa sababu hawazaliwi kwetu. Wanazaliwa Ulaya, chini ya mapaa ya mazizi ya ng’ombe, na kila mwaka baridi inapokaribia huvuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara hadi kufika huku. Wataalamu huko huwafunga pete ndogo mguuni zenye namba, na baadhi ya pete hizo zimeonekana tena katika nchi yetu ya Kongo. Mwili wa mbayuwayu hauzidi uzito wa vijiko vichache vya chumvi. Ametoka huko bila viza wala gari, kisha apigwe manati na mtoto ambaye hata kumla hamli, kwa maana hana nyama!

Nasi tulimsikia dudumizi kabla ya kumwona, akiimba kama maji yanayomwagika kutoka kwenye chupa. Wazee husema anaita mvua. Siku hiyo mvua haikunyesha, na mzee wetu alidai kwamba dudumizi yule alikuwa bado kijana.

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Mungu aliwaleta wanyama na ndege mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Kazi ya kwanza ya akili ya mwanadamu ilikuwa kutazama na kutoa jina. Sasa fungueni daftari letu. Ukurasa wa kwanza tuliandika: ndege mdogo wa kahawia. Chini yake: ndege mdogo wa kahawia, mwingine. Chini yake: ndege mkubwa kidogo. Babu zetu walikuwa na jina kwa kila mmoja wa hao, katika Kibangubangu, katika Kikusu, na katika lugha nyingine za nchi hii. Nasi wajukuu, tuliosoma hata sekondari, tumebaki na “ndege” na “ndege mwingine”. Mzee anapotutajia jina huwa analitaja polepole, kama mtu anayekabidhi kitu kinachoweza kuvunjika. Akiondoka yeye, majina mengi yataondoka naye. Hili kwetu ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa jina la kienyeji mara nyingi hubeba habari: ndege huyu hula nini, hulia saa ngapi, hutangulia mvua au huifuata.

Wala msifikiri kwamba elimu hiyo ni ya watu wasiosoma tu. Kati ya 1909 na 1915 Mmarekani mmoja, James Chapin, alisafiri katika misitu ya Kongo akikusanya ndege kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alipata unyoya mmoja uliokuwa umechomekwa katika kofia ya mtu wa Ituri. Aliutunza kwa miaka mingi bila kujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando juu ya kabati, wameandikwa kwamba ni tausi wachanga wa Asia. Manyoya yalilingana na unyoya wake. Ndivyo dunia ya wataalamu ilivyomjua tausi wa Kongo, ambaye leo ni fahari ya taifa letu na ambaye huishi pia katika misitu ya Maniema. Lakini mtu yule mwenye kofia alikuwa amemjua siku zote! Hakuna aliyemuuliza sawasawa, au pengine aliulizwa na jibu lake halikuandikwa.

Habari ya lesula inafanana na hiyo, nayo ni ya juzi tu. Mwaka 2007 watafiti walimwona huko Opala, katika nyumba ya mkurugenzi wa shule ya msingi, kima mchanga aliyefugwa, mwenye uso mrefu na macho kama ya binadamu. Wakauliza anaitwaje. Wakaambiwa: lesula. Wawindaji wa kando ya Lomami walimfahamu vizuri. Mwaka 2012 alitangazwa duniani kuwa aina mpya ya kima, na mwaka 2016 Mbuga ya Taifa ya Lomami ilianzishwa, zaidi ya kilomita za mraba 8,800 katika mikoa ya Maniema na Tshopo. Yote yalianza na mtu aliyepita katika ua wa jirani, akatazama, akauliza jina. Nani kati yenu hapiti katika ua wa jirani?

Tunajua lipo jibu litakalotolewa, nasi tumelisikia katika vikao. Kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye kushiba. Kwamba Kasongo hakuna watalii, na Kabambare barabara ni mbaya na silaha bado zinasikika, na vijana wanakwenda Namoya na Salamabila kutafuta dhahabu kwa sababu nyumbani hakuna kazi. Darubini itampikia nani sombe?

Hatulidharau neno hili. Hatumlaumu baba anayetega mtego ili wanawe wapate kitoweo. Mzee wetu mwenyewe aliwalea watoto tisa hivyo. Bali yeye ndiye aliyetuambia kwamba zamani mwindaji aliacha msitu fulani upumzike, na kwamba hakumpiga mnyama mwenye mimba, kwa kuwa alijua atarudi hapo mwakani. Anayemtegemea mnyama humjua. Asiyemjua humaliza tu. Kuhusu watalii, tunasema wazi: hatuwangojei. Hata wasipokuja kamwe, mbuga hii ni yetu na macho ni yetu.

Mji wetu una sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliufanya Kasongo makao yake, na jina la Kasongo likasikika hadi pwani kwa ajili ya kitu kimoja: meno ya tembo. Yalibebwa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa, hadi Ujiji, hadi Tabora, hadi pwani ya bahari ya Hindi. Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na humo pembe zinahesabiwa kwa frasila kama mtu anavyohesabu magunia. Mwezi wa nne 1893 Wabelgiji waliuteka mji. Biashara ya pembe haikukoma, ilibadilisha bendera. Katika kikao chetu cha mwezi uliopita tuliwauliza vijana waliokuwepo ni nani amewahi kumwona tembo aliye hai. Hakuna aliyeinua mkono. Katika mkoa wetu tembo wa msituni wamebaki pande za Lomami, nao si wengi. Mji uliopata jina kutokana na mnyama sasa hauna hata mtoto mmoja anayeweza kusema sauti yake ikoje.

Na sasa ni zamu ya kasuku. Hapa tuseme jambo ambalo baadhi yenu hamtapenda tuliseme.

Mmoja wa wafanyabiashara wanaozunguka vijijini alikifikia kikundi kimoja cha vijana, hatukitaji, kilichokuwa kikitafuta fedha za kununua ngoma na sare za kwaya. Aliwapa ulimbo na kasuku mmoja aliyefungwa mguu, awe wa kuwaita wenzake. Katika siku nne walikamata thelathini na wawili. Waliokuwa hai siku mfanyabiashara aliporudi walikuwa kumi na tisa. Wengine walivunjika mabawa, wengine walikataa kula, wengine walipakwa ulimbo mdomoni wakakosa pumzi. Ngoma zilinunuliwa. Zinapigwa kila Dominika, na zina sauti nzuri, hatuwezi kukana.

Kijana aliyetusimulia alikuwa mmoja wao. Alisema kilichomkaa moyoni ni jambo dogo. Kasuku huishi wawili wawili, na jioni, walipokwisha kuwafunga katika matenga, wengine walibaki juu ya mti wakiita hadi giza likaingia, na asubuhi walikuwa bado pale.

Kasuku wa kijivu huishi miongo kadhaa. Hutaga mayai machache, mawili hadi manne, ndani ya tundu la mti mkubwa. Mti huo ukikatwa kwa makaa, kiota kimekwenda. Ndege wa namna hiyo hawezi kuzaa kwa kasi ya soko. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, na katazo hilo likaanza kutumika mwezi wa kwanza 2017. Nayo sheria ya nchi yetu ya mwezi wa pili 2014 inawalinda viumbe wa namna hii. Lakini hatuwaambii muache kwa kuogopa polisi. Tunawaambia kwamba fedha ya ulimbo isiingie tena katika mfuko wa kikundi chochote cha parokia, hata kama ni kwa ajili ya ngoma, hata kama ni kwa ajili ya safari ya hija. Kikundi chetu kimeliandika hilo katika kanuni zake. Tunawaomba nanyi mlijadili, na mkikataa, mtupe sababu zenu kwa maandishi. Tutazisoma mbele ya wote.

Juu ya moto wa mbuga tutasema machache, kwa kuwa mwezi wa sita unakaribia. Mbuga imechomwa tangu zamani, na moto wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu kidogo, hupita upesi. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio unaoua miti michanga na kuteketeza mayai ya ndege wanaotaga chini. Mkiona moto, tazameni angani: mwewe na keremkerem huja kwa wingi kudaka panzi wanaokimbia moshi. Ni tamasha la kuvutia, na watoto hulipenda. Lakini wale waliokuwa wamelalia mayai chini hawaonekani angani.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alisikitika kwamba kila mwaka hupotea aina nyingi za viumbe ambao watoto wetu hawatawaona kamwe. Wengi wetu tulijifunza waraka huo katika semina, tukapewa vyeti, tukapiga picha. Naye Bwana, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake waache wasiwasi, hakuwapeleka darasani. Aliwaelekeza kwa kunguru, ndege asiyesifiwa na mtu. Tumeihubiri Injili hiyo mara nyingi. Je, kuna aliyetoka nje baada ya Misa akamtazama kunguru?

Daftari letu sasa lina ndege 63. Wenye jina la Kiswahili ni 29, wenye jina la lugha ya nyumbani ni 34, na 11 hawana jina lolote. Nchi nzima ina aina zaidi ya 1,100, kwa hiyo kazi ipo. Kwa kuanza, kila kituo kinahitaji daftari, kalamu, na mzee mmoja au mama mmoja anayejua. Akina mama wanaolima karibu na mto wamegundulika kuwa wajuzi kuliko wawindaji kwa habari za ndege wa mpunga. Manati ziachwe nyumbani. Watoto wanaokuja nazo kwetu huziweka katika kikapu, nao wakishapewa darubini kwa zamu husahau kuzidai.

Tunawaombeni msaada kwa namba 58. Tulimwona tukirudi jioni kwa pikipiki kutoka upande wa Kabambare. Alikuwa amelala katikati ya barabara juu ya vumbi, macho yake yakang’aa mekundu katika taa. Tulipokaribia aliruka bila sauti, akatua mbele kidogo, akatungoja, akaruka tena. Rangi yake ni ya majani makavu, mdomo mdogo sana, lakini akiufungua ni mpana kama wa chura. Kwenye milima ya Itombwe, upande wa Kivu ya Kusini, yupo ndugu yake ambaye wataalamu wanamjua kwa ndege mmoja tu aliyekamatwa mwaka 1955. Yule wetu si lazima awe adimu hivyo. Lakini tulipomuuliza mzee alitupa jina moja, mama yake dereva akatupa jingine, na mpishi wa parokia akasema jina lake halitamkwi usiku. Tulimwomba alitamke mchana. Bado anafikiri. Ninyi mlio Kabambare, mkiwa na jina lake, tuandikieni, mkitaja pia ni nani aliyewaambia na ni katika lugha gani.